Kubuni jua na sayari zake kwa ajili ya mchezo wa mezani: anzia kwenye mfereji wa maji

Mara ya kwanza nilipoandaa kampeni ya njozi za angani, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, kwa ajili ya kundi letu la Jumamosi hapa Moshi, nilijaza daftari zima la kaunta. Lilikuwa na majua manne, sayari kumi na nne, miezi isiyo na idadi na historia ya vita vilivyodumu miaka elfu tatu. Wachezaji wakatua kwenye sayari ya kwanza, wakagombana na mwenye kibanda cha kuuza maji bandarini, na kutokana na ugomvi huo wakabaki palepale kwa vikao saba. Sayari nyingine kumi na tatu zimelala daftarini mpaka leo. Yule muuza maji sikuwa nimemwandika popote, nilimtunga papo hapo baada ya mchezaji mmoja kuuliza, "Hapa maji tunapata wapi?"

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Unamhusu msimulizi, yaani yule mtu mmoja mezani anayeueleza ulimwengu wakati wenzake wanaamua wahusika wao watafanya nini, huku dadu zikikata shauri pale penye mashaka. Kila unachokibuni juu angani, kuanzia rangi ya nyota hadi idadi ya miezi, kishushe hatua kwa hatua mpaka kimfikie mtu mwenye ndoo mkononi. Kisipomfikia, kiache; utakitunga siku kitakapohitajika.

Njia huja kabla ya nyota

Amua kwanza watu wanasafirije. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho huenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali huo. Hakuna kampeni ya angani isiyodanganya mahali hapa. Kilichobaki ni kuamua utadanganya kwa bei gani na nani atailipa.

Mimi hupendelea milango: sehemu chache angani ambapo chombo huingia na kutokea kwenye jua jingine, kwa muda unaojulikana na kwa nauli inayouma. Milango huzaa njia panda, na njia panda huzaa miji. Anayekuja Moshi kwa basi kutoka Dar es Salaam anaijua Njia Panda ya Himo, pale barabara ya kwenda Holili na Kenya inapoachana na ile inayokuja mjini. Watu wa pale hawakuhitaji dhahabu wala bahari ili wapate riziki, maana kila anayepita hana budi kupunguza mwendo. Mfumo wa jua wenye milango mitatu unaweza kuwa na sayari mbovu kabisa na bado ukawa na maofisa ushuru, mafundi, mama lishe na wapiga debe wanaogombea abiria. Weka mfumo wa namna hiyo karibu na mwanzo wa kampeni, kwa kuwa wachezaji watapita hapo tena na tena, na kila mtu utakayemtunga atakufaa zaidi ya mara moja.

Ndani ya mfumo mmoja, nakushauri uuheshimu umbali badala ya kuufuta. Nuru ya Jua huchukua dakika 8 na sekunde 20 kutufikia sisi, na ujumbe wa redio kutoka Duniani hadi Mshtarii huchukua zaidi ya nusu saa. Wito wa msaada ukichukua nusu saa kufika na jibu lichukue nusu saa kurudi, wachezaji wako peke yao kwa saa nzima, na saa nzima mezani ni kikao kizima.

Jua moja, hesabu mbili

Kwa jua lenyewe, tupa dadu moja ya kawaida, hata ile ya ludo. Ukipata moja hadi nne, ni nyota kibete nyekundu. Tano, ni nyota ya rangi ya chungwa. Sita, ni nyota inayofanana na Jua letu. Mgawanyo huu unakaribiana na hali halisi, kwa sababu takribani robo tatu ya nyota za galaksi yetu ni vibete vyekundu, ambavyo hatuvioni kwa macho kwa kuwa vimefifia mno. Nyota kubwa za buluu zinapendeza kwenye picha, lakini nyota yenye tungamo mara kumi ya Jua huisha ndani ya makumi machache ya mamilioni ya miaka, ilhali Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6 na bado lipo katikati ya safari. Ukitaka ustaarabu wa kale chini ya jua la buluu, basi watu hao walihamia kutoka kwingine, na hapo tayari unayo hadithi.

Kibete chekundu kina tabia moja inayobadilisha kila kitu. Kwa kuwa joto lake ni dogo, sayari yenye maji lazima ikae karibu nalo sana, na sayari iliyo karibu hivyo mara nyingi hufungwa na mvutano, ikabaki imeligeuzia jua uso mmoja siku zote. Sayari saba za kibete chekundu kiitwacho TRAPPIST-1, ambazo orodha yake kamili ilitangazwa mwaka 2017, zote huizunguka nyota yao ndani ya siku zisizozidi 20. Kwenye sayari iliyofungwa hakuna macheo wala machweo: upande mmoja ni mchana wa milele, mwingine usiku wa milele, na kati yake kuna mkanda wa magharibi isiyokwisha, ambako watu wangeweza kuishi. Sasa jaribu kumsalimia mtu wa huko kwa Kiswahili. "Habari za asubuhi" haina maana, "umeamkaje" ina mashaka, na "saa ngapi?" inahitaji maelezo marefu. Shikamoo peke yake ndiyo ingebaki salama, kwa kuwa haina saa.

Kwa sayari isiyofungwa unahitaji hesabu mbili tu, na simu yoyote yenye kikokotoo itakutosha. Ya kwanza hutafuta umbali unaokalika. Chukua mwangaza wa nyota ukilinganisha na Jua, kisha tafuta kipeuo chake cha pili. Jibu ni umbali ambao sayari itapata joto kama letu, ukichukulia umbali wa Dunia hadi Jua, kilomita milioni 150, kuwa moja. Ya pili ni kanuni ya mwanaastronomia Kepler, iliyochapishwa mwaka 1619: zidisha umbali huo kwa wenyewe mara tatu, gawanya kwa tungamo la nyota, tafuta kipeuo cha pili, nawe utapata urefu wa mwaka.

Tuifanye pamoja. Dadu imetoa tano, nyota ya rangi ya chungwa. Naipa tungamo la 0.7 ya Jua na mwangaza wa 0.2. Kipeuo cha pili cha 0.2 ni kama 0.45, kwa hiyo sayari yangu iko chini kidogo ya nusu ya umbali wetu. Kipeo cha tatu cha 0.45 ni 0.091, nikigawanya kwa 0.7 napata 0.13, na kipeuo chake cha pili ni 0.36. Mwaka wa sayari hii ni siku zetu 132. Nyota nimeiita Kaa, maana kutoka mbali inaonekana kama kaa la moto lililosahauliwa jikoni, na sayari nimeiita Mgongo.

Siku 132 si namba ya mapambo. Mtoto wa darasa la nne, mwenye miaka kumi ya kwetu, huko ana miaka ishirini na saba. Mkopo wa "miaka mitatu" unaiva mapema kuliko mgeni kutoka jua jingine alivyodhani alipoweka dole gumba mbele ya mfanyabiashara wa Mgongo, na mzozo wa namna hiyo wachezaji wangu waliukuta sokoni wenyewe, bila mimi kuupanga zaidi ya kuandika namba moja pembeni ya karatasi.

Saa na misimu

Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza tunaweza kufanya hivyo kwa sababu tunaishi karibu na ikweta. Hapa Moshi, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki nusu saa, hivyo saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi mwaka mzima. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, ule wa Uranus umeinama karibu nyuzi 98, na kwa kuwa mwaka wake ni miaka yetu 84, kila ncha hupata takribani miaka 42 ya mwanga na 42 ya giza. Chagua mwinamo wa sayari yako kwa kujiuliza unataka watu wake wahame au watulie. Mwinamo mdogo huwatuliza, na mwinamo mkubwa huwafanya wote kuwa wahamaji, wakulima wakiwemo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba misimu lazima iwe ya baridi na joto. Masika na vuli zetu ni kazi ya upepo na mvua, na wazee walizisoma kwenye nyota. Kundi la Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, na msemo usemao kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ni kalenda nzima ndani ya sentensi moja. Nyota za kampeni yako uzipe majina kwa mtindo huo, kwa kufuata kile zinachowaamuru watu wakifanye. Jina linalosikika kama la dawa ya malaria huwa halimnasi mtu, na mimi nimetunga mengi ya aina hiyo.

Miezi

Miezi miwili inatosha, na tena inatosha kuleta fitina. Palipo na mwezi mmoja watu hugombana kama umeandama au haujaandama. Palipo na miwili watagombana kwanza ni upi unaohesabiwa. Mgongo ina mwezi mdogo unaoizunguka kwa siku nne na mkubwa unaoizunguka kwa siku thelathini. Watu wa bondeni wanahesabu kwa ule mdogo na wa juu kwa ule mkubwa. Tutarudi kwenye jambo hili.

Kama unataka kitu cha kushangaza zaidi, iweke dunia yako iwe mwezi wa jitu la gesi, yaani sayari kubwa ya gesi kama Mshtarii. Io, ule wa ndani kati ya miezi minne ya Mshtarii iliyoonwa na Galileo mwaka 1610, humzunguka mzazi wake kwa saa 42 hivi, na umegeuza uso uleule kwake daima. Mtu aliyesimama katikati ya uso huo angeiona Mshtarii imening'inia utosini, isisogee maisha yake yote, na kila siku ya saa 42, jua likifika utosini, lingepita nyuma ya sayari hiyo na kupatwa kwa zaidi ya saa mbili. Mtu wa upande wa pili wa mwezi huohuo asingeiona sayari hiyo hata mara moja, isipokuwa afunge safari. Mataifa mawili, mbingu mbili, na barabara moja ya mahujaji kati yao: sijui kama kampeni inahitaji zaidi ya hapo. Io yenyewe imejaa volkano na mionzi mikali, kwa hiyo ukope mzunguko wake tu.

Sayari haiwezi kuwa jangwa zima

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wasimulizi wapya ni sayari ya hali moja: sayari ya barafu, sayari ya msitu, sayari ya mchanga. Anayeishi hapa hana sababu ya kulifanya. Moshi iko mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000, na kwa hiyo mpanda mlima hupita mashamba ya migomba na kahawa, msitu wenye ukungu, nyika ya vichaka, jangwa la mawe na hatimaye barafu, bila kutoka kwenye wilaya alizozijua tangu utotoni. Mvua nayo haigawi sawa. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande huo, ukivuka, umeshakauka. Ndiyo maana kusini mwa Mlima Meru, kuelekea Tengeru na Usa River, ni kijani, ilhali ukizunguka kwenda Oldonyo Sambu na Longido unakutana na vumbi na ng'ombe wanaotafuta majani.

Kwa hiyo chora mlima mmoja mkubwa na mshale mmoja wa upepo. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya Mgongo, na kwa muda mrefu ilikuwa ramani pekee. Urefu wa mlima unategemea mvutano wa sayari. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu, na mlima wake Olympus Mons una kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara nne ya Kilimanjaro. Mgongo niliipa asilimia 60, nikajiruhusu mlima wa kilomita 14. Kwa kuwa mvutano ni mdogo, hewa nayo hupungua polepole zaidi mtu anapopanda, kiasi kwamba kileleni ingekuwa kama ile ya kilele cha Everest: inaumiza, lakini inapitika.

Mvutano huo unaonekana vizuri zaidi kwa wapagazi kuliko kwa takwimu. Gunia la kilo 100 pale Mgongo mabegani linahisiwa kama la kilo 60, na mzaliwa wa Duniani atajiona shujaa kwa siku mbili. Siku ya tatu atakimbia nalo kwenye kona ya mteremko, na atagundua kwamba uzito umepungua ila ubishi wa gunia haukupungua: likishaanza kwenda, linataka kuendelea kwenda. Nimewahi kumwambia mchezaji atupe dadu kwa ajili hiyo, na alianguka na mahindi yote.

Vitu vya ajabu navyo usivitafute mbali. Ol Doinyo Lengai hutoa lava yenye kaboneti ya sodiamu, ya nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutiririka kama tope jeusi, kisha ikigusana na unyevu hugeuka kuwa nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Ukimweleza mchezaji wa nchi nyingine mlima unaotema tope jeusi linalogeuka chokaa, karibu na ziwa la magadi lenye heroe, atadhani umebuni.

Kwa nini watu wapo hapo

Hili ni fupi. Watu hukaa mahali kwa sababu ya maji, njia, au kitu kisichopatikana kwingine. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, na haijapatikana mahali pengine popote duniani. Kutokana na eneo hilo dogo wametokea wachimbaji, madalali wenye vijiwe kwenye karatasi zilizokunjwa, wakaguzi, na ukuta wa zaidi ya kilomita 20 kuzunguka machimbo. Ukiipa sayari yako kitu cha pekee, usisahau dalali na ukuta.

Uchawi uufuate mtindo uleule. Kwa kila sayari naruhusu jambo moja tu lisilowezekana, lenye mahali pake na gharama yake, ambalo wenyeji wamelizoea kiasi cha kulilalamikia. Pale Mgongo, maji yanayotoka chini ya mzizi wa mti fulani hukumbuka mtu wa mwisho aliyeyateka, na huwa machungu kwa mtu aliyemdhulumu. Basi. Sikuongeza jingine, ingawa nilitamani.

Karatasi moja

Kazi yote hii iingie kwenye upande mmoja wa karatasi ya A4: njia ya kufika, rangi ya jua, urefu wa mwaka, miezi, mshale wa upepo, chanzo cha maji, kitu cha pekee, jambo lisilowezekana, na majina ya watu watatu wanaodaiana. Nafasi ikiisha, umeandika mno. Sayari nyingine za mfumo huo uzipe mstari mmoja mmoja.

Hivi ndivyo karatasi ya Mgongo ilivyotumika. Chombo cha wachezaji kilitua upande mkavu, tangi likiwa tupu. Maji pale hushuka kutoka msituni kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono kukata ubavu wa mlima, kama mifongo ya Wachagga, na kila ukoo una zamu yake. Nahodha alimkuta mwanamke mzee ameketi kwenye lango la mfereji, jembe likiwa magotini.

"Shikamoo bibi. Tunaomba maji kidogo, tutalipa."

"Marahaba. Mnalipa kwa mwezi upi?"

Wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu hawakujua. Ukoo wa bibi, wa bondeni, ulihesabu zamu kwa mwezi mdogo, na leo ilikuwa zamu yao. Ukoo wa juu ulihesabu kwa mwezi mkubwa, na kwao leo ilikuwa siku ya kufunga mfereji. Kijana wa huko juu alikuwa ameshaanza kushuka akiwa na panga na gogo la kuzibia. Bibi alimnyooshea nahodha kata ya maji na kumwambia ayaonje kwanza, ili ijulikane kama ni mtu wa kuamua shauri au siyo. Mchezaji aliishika dadu, akaitazama karatasi yangu upande wa pili wa meza, akauliza kama mwaka uliopita, katika kikao cha tatu, yule muuza maji wa bandarini waliyemdhulumu alikuwa mtu wa wapi.

Nilikuwa sijaandika. Nikasema alikuwa mjukuu wake.